"Malaika": Wimbo Uliopendwa Duniani, Mtunzi Akabaki Akibishaniwa

Na Mwandishi Wetu, Misigiri

MISIGIRI, wilayani Iramba, ni njia panda. Barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega hupita hapo, na msafiri wa Kiomboi huiacha na kukata kuelekea makao makuu ya wilaya. Mahali pa namna hiyo hapakosi muziki: ndani ya basi, dukani, kwenye mgahawa. Kwa mujibu wa sheria, wimbo unaopigwa hadharani kwa ajili ya biashara huhitaji kibali, kwa kuwa una mwenyewe. Sababu ya sharti hilo huonekana wazi katika kisa cha "Malaika", pengine wimbo wa mapenzi wa Kiswahili unaofahamika zaidi duniani.

Wimbo huo ni mfupi na maneno yake ni mepesi. Kijana anamsemesha ampendaye. Angependa kumuoa, lakini hana fedha. Ndani yake hamna usaliti wala ugomvi, kikwazo ni ukata tu. Ulieleweka upesi kote Afrika Mashariki, kwani kijana aliyeshindwa mahari hana haja ya kutambulishwa kwa msikilizaji wa huku.

Aliyeutangaza kwa sauti yake ni Mkenya Fadhili William, aliyeurekodi na kundi la Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuvusha bahari, na mwaka 1965 ukatoka nchini Marekani katika albamu aliyoimba pamoja na Harry Belafonte, ambayo ilipata tuzo ya Grammy. Kundi la Boney M. liliurekodi mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991. Wengi walioupenda huko ugenini hawakujua hata neno moja la Kiswahili.

Mtunzi ni nani? Jina lililoandikwa na kulipwa mirabaha ni la Fadhili William, ambaye alifariki dunia mwaka 2001. Hata hivyo, Mtanzania Adam Salim, aliyezaliwa mwaka 1916, alieleza kuwa aliutunga mwaka 1945 akiishi Nairobi, kwa ajili ya msichana ambaye wazazi walikataa amuoe. Mkenya Grant Charo naye alidai ni wake. Ubishi huo haujakoma.

Ni vigumu kumlaumu mtunzi wa zama hizo. Nyimbo zilipita kutoka kinywa hadi kinywa katika kumbi za dansi, na aliyetangulia kuingia studio ndiye aliyeingia katika makaratasi.

Hapa nchini, suala hilo linaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Sheria hiyo inatamka kwamba haki ya mtunzi huanza pale kazi inapobuniwa, na hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Usajili si sharti la kuipata haki, bali ni ushahidi siku kazi inapogombaniwa. Na ushahidi ndio uliokosekana katika "Malaika".

Jambo ambalo wasanii wengi hulichanganya ni kuwa wimbo mmoja hubeba haki zaidi ya moja. Mtunzi ana hakimiliki ya maneno na tuni. Mwimbaji na mtayarishaji wana hakishiriki katika sauti iliyorekodiwa. Kwa kipimo hicho, hata kama Adam Salim ndiye aliyetunga, Fadhili William angebaki na haki katika sauti yake mwenyewe. Kinachobishaniwa ni fungu la mtunzi.

Marekebisho ya mwaka 2022 yalifungua njia kwa taasisi za wenye haki kukusanya mirabaha na kuigawa, huku Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) ikiendelea na usajili na usimamizi. Msanii chipukizi wa Misigiri anashauriwa kuhifadhi rekodi ya kwanza ya wimbo wake ikiwa na tarehe, kuandikiana na mtayarishaji mgawanyo wa mapato kabla ya kuingia studio, kisha kuisajili kazi. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, hivyo wimbo wake unalindwa pia katika nchi nyingine wanachama, hata ukiimbwa na mtu asiyejua Kiswahili.