Shefu akisema «No way!», anakataza ao anashangaa?

Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha ya serikali, na Kiswahili ni moja ya lugha ine za taifa. Lakini tangu Kode ya mines ya 2002 ilipofungulia makompani ya kigeni mulango, mufanyakazi wa Kolwezi, Likasi ao Fungurume anaweza kupewa shefu wa Kingereza: wa Afrika Kusini, wa Australia, wa Kanada. Hata na Muchina, mara nyingi tunapitia Kingereza. Kwa mambo ya mashini tunasikilizana haraka, sababu jina la chuma halina roho mbili. Matata inatoka ku maneno ya mushangao.

Sisi wenyewe tunajua kushangaa. «Mama yangu!» «Eh, bwana!» «Kweli?» Ao mutu anashika mudomo tu. Hata tukimwambia rafiki «Uongo!», hatumutukane, tunamuomba aendelee, habari iko tamu. Kingereza nacho ni vile vile: maneno yake mengi ya kushangaa yamevaa nguo ya kukataa.

Chukua «No way!». Neno kwa neno ni «hapana njia». Kijana mumoja mwenye kuendesha kamio kubwa alimuambia shefu wake ku radio kwamba freni zinalegea. Shefu akajibu: «No way!» Kijana akaelewa kwamba amekatazwa kusimama, akaendelea na muzigo wake. Bahati njia ilikuwa ya kupanda, hakuna mutu aliyeumia. Mu mukutano shefu akaeleza kwamba alikuwa anashangaa tu, sababu freni zile zilikuwa mupya. Sisi delege wa sendika tuliomba jambo moja: ku radio mutu ajibu «stop» ao «endelea», na mushangao wake aubakize mu kabini.

Wandugu za neno hilo ni wengi. «You're kidding!» ni «unanichezea!», lakini ni mushangao tu. «Get out of here!» inaonekana kama umefukuzwa kazi, kumbe kati ya marafiki maana yake ni «acha wee!». Waamerika wengine wanasema hata «Shut up!», yaani «nyamaza», wakati wanataka sana useme zaidi. Hapo angalia uso na usikilize sauti. Kama anacheka, endelea. Kama hacheke, basi ni amri ya kweli, utoke.

Neno lenye kunipa kazi kuliko yote ni dogo sana. «I don't believe it» ni mutu anayeshangaa: habari yenyewe ni nzito, haiingie mu kichwa. «I don't believe you» ni kitu kingine: wewe ndiye musemaji wa uongo. Tofauti ni neno moja la mwisho. Mufanyakazi akiitwa juu ya «demande d'explication», na mukalimani akatafsiri yote mawili «haamini», mutu anaweza kukasirika bure, ao kunyamaza pale alipashwa kujitetea. Mimi namuambia kila delege: uliza mara moja, ni habari ao ni mutu ndiye haaminiwe? Na jibu liandikwe mu procès-verbal.

Tena kuna «incredible» na «unbelievable». Ya kwanza ni ndugu ya «incroyable» yetu ya Kifaransa, na yote mbili zinaweza kusifu: uzalishaji wa mwezi ni «incredible», watu wanapiga mikono. Lakini shefu akivuta pumzi na kusema «Unbelievable...» polepole, akitikisa kichwa, usipige mikono. Amechoka na wewe. Halafu usichanganye na «incredulous»: huyu ni mutu mwenyewe asiyeamini, hapana habari.

Sisi wa Kifaransa tuna musaada mumoja. «Astonished» inatoka ku mizizi moja na «étonné», na ndani yake muko «tonnerre», radi: mutu aliyepigwa na radi. «Amazed» iko na «maze», njia zenye kupindana mupaka mutu anapotea. Aliyetumika chini ya udongo, taa ikamuzimikia mu galeri, anaelewa bila mwalimu. «Gobsmacked» ya Waingereza ni mudomo uliopigwa kofi. Mwingereza naye anashika mudomo!

Lakini ujihazari na «formidable». Kwa Kifaransa ni sifa ya furaha. Kwa Kingereza ni kitu chenye kuogopesha, kigumu kushinda. Mukubwa mumoja aliita sendika yetu hivyo, wenzangu wakamushukuru sana kwa sifa. Mimi nilifurahi kuwashinda.

Ya mwisho iko mu barua. Mwingereza mwenye adabu, akikasirika sana, haandike kwamba amekasirika. Anaandika «I am a little surprised», nimeshangaa kidogo. Ukiona «a little» hiyo mu barua yenye jina lako, usingoje kesho: leta barua kwa delege siku ile ile, pamoja na bahasha yake, sababu tarehe ya kuipokea inahesabiwa.