Mavi ya Chuma na Chombo cha Kutambua Metali
Atokaye Usagara ya Mwanza akavuka ghuba kwenda Geita huingia nchi ambamo Warongo waliyeyusha chuma na kuwauzia Wasukuma majembe. Takataka za tanuru huitwa mavi ya chuma, kana kwamba tanuru ni mnyama alaye. Penye takataka hizo, ajifunzaye chombo cha kutambua metali hudhani kila mlio ni jembe. Kumbe nguvu ya sumaku itokayo chomboni mara nyingi hujibiwa na vyote viwili. Twamshauri azike kwanza jembe na donge uani kwake, apitishe chombo polepole hata sikio lizoee. Kisha penye tanuru atie alama tu. Kitu kikiisha kung'olewa, hatutajua tena kililala karibu na nini. Na sheria ya mambo ya kale ya 1964 yakataza kuvichimbua pasipo kibali.