Ushahidi wa Muleba: Nani agharamie mapitio yake?

MZAZI wa Bukoba anayetundika chandarua kipya juu ya kitanda cha mwanawe hana haja ya kuuliza nani aliamua kitiwe dawa ipi. Hata hivyo, uamuzi huo hupita hatua mbili: utafiti wenyewe, kisha mapitio ya tafiti zote zilizofanywa kuhusu jambo hilo.

Wilaya ya Muleba ni mfano mzuri. Mwaka 2015, maeneo 48 ya wilaya hiyo yaligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi yalipewa vyandarua vya kawaida, mengine vyandarua vyenye kemikali ya PBO, ambayo humzuia mbu sugu kuivunja nguvu dawa iliyomwingia mwilini. Baadhi ya maeneo ya kila upande yalipuliziwa pia dawa ukoko majumbani.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet, yalionyesha kuwa baada ya miezi 21, asilimia 45 ya watoto waliopimwa kwenye maeneo ya PBO walikuwa na vimelea vya malaria, dhidi ya asilimia 62 kwingineko. Kuunganisha PBO na upuliziaji hakukuongeza kinga.

Lakini utafiti mmoja hautoshi. Wataalamu wa mapitio huweka swali mapema, hutafuta kila utafiti unaolihusu, hupima ubora wake, kisha hujumlisha takwimu. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji watu waliofunzwa takwimu na mbinu za kugundua upendeleo, pamoja na muda wa kuifanya.

Mapitio kuhusu PBO yalifanywa chini ya mtandao wa Cochrane, yakiongozwa na watafiti wa Liverpool, Uingereza. Toleo la mwaka 2021 lilikusanya tafiti 16, ukiwamo wa Muleba. Utafiti wa Muleba nao, ulioshirikisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), uligharamiwa na fedha za Uingereza.

Hapo ndipo penye hoja. Fedha za nje hubadilika: Machi 2023, taasisi ya umma inayogharamia utafiti wa afya Uingereza, NIHR, ilisitisha ruzuku kwa vikundi vya Cochrane vya nchini humo. Nao ushahidi huchakaa. Mwaka 2022, utafiti wa Misungwi mkoani Mwanza ulionyesha kuwa vyandarua vyenye klofenapiri viliwakinga watoto kuliko vile vya kawaida, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) likavipendekeza. Kwa hiyo mapitio hayafanywi mara moja yakaisha.

Tanzania inayo misingi ya kuanzia. NIMR iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979 na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kwa sheria ya mwaka 1986. Kutenga fungu la kudumu la kuwafunza na kuwalipa wachambuzi kungewezesha maswali ya Kagera, kama vile chandarua kipi kigawiwe na wapi papuliziwe dawa, kujibiwa na wanaoijua Kagera.