"Kila Mmoja Ajilipie": Ni Haki kwa Nani?

Mume na mke wa Ndabibi wakifarakana hata wakafika mahakamani Naivasha kugombania talaka na malezi ya watoto, nani atamlipa wakili? Kifungu cha 27 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai chasema gharama hufuata matokeo: ashindwaye humlipa mshindi, ila mahakama ikiwa na sababu njema ya kuamua vingine. Katika kesi za ndoa, aghalabu mahakama huamuru kila mmoja ajilipie, ili uhasama usizidi.

Agizo hilo lina sura ya usawa. Lakini kiambishi "-ji-" humrudishia kila mtu mzigo wake bila kuuliza ana mabega gani. Mmoja ana ng'ombe wa kuuza. Mwenzake ana ujira wa kibarua katika shamba la maua. Anayeishiwa kwanza huiacha kesi, na pengine watoto pia.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilitungwa kwa ajili ya mnyonge kama huyo. Walimu, wafahamisheni wanafunzi kwamba ipo. Ibara ya 53 ya Katiba yatanguliza maslahi ya mtoto, wala si uzito wa mfuko wa mzazi.