Kwa nini tunapima macho yanayoona vizuri

Kila tunapowasilisha bajeti ya kliniki za kisukari, kamati za parokia hutuuliza: kwa nini fedha zitumike kupima macho ya watu wanaoona vizuri, wakati wasioona wapo wanangoja? Wafadhili wetu nao wameuliza hivyo hivyo. Jibu linatoka maabara.

Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, uitwao retina. Unalishwa na mishipa ya damu myembamba sana. Mwaka 1960 na 1961, huko Boston, Marekani, Toichiro Kuwabara na David Cogan waliweka retina za watu waliofariki katika kimeng'enya cha tripsini. Kimeng'enya hicho huyeyusha nyama na kubakiza mishipa peke yake, kama jani lililooza likabaki vishipa vyake. Kwa wenye kisukari waliona kwamba seli zinazoikumbatia mishipa kwa nje, ziitwazo perisiti, zimekufa, na mahali pake pamebaki vifuko vitupu.

Mshipa uliopoteza perisiti hudhoofu. Hutoa vivimbe vidogo, huvuja, na mwingine huziba. Retina ikikosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, ambayo huotesha mishipa mipya. Bahati mbaya mishipa hiyo ni dhaifu, hupasuka, na hapo ndipo giza huingia. Lakini hatua zile za mwanzo haziumi wala hazipunguzi kuona. Mtu anaweza kusoma somo la Jumapili bila shida huku mishipa yake inaharibika.

Jaribio linalotugusa zaidi ni la Ronald Engerman na Timothy Kern wa Wisconsin, lililochapishwa mwaka 1987. Mbwa wenye kisukari waliachwa na sukari ya juu kwa miaka miwili na nusu, kisha wakadhibitiwa vizuri kwa muda kama huo. Udhibiti ulipoanza, macho yao yalikuwa karibu mazima. Hata hivyo, mwishoni mishipa ilikuwa imeharibika. Waliodhibitiwa vizuri tangu mwanzo walisalimika kwa kiasi kikubwa. Yaani mishipa huendelea kulipa deni la miaka ya nyuma.

Kwa binadamu, utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993 ulihusu kisukari cha aina ya kwanza. Walioanza wakiwa na macho mazima na kudhibiti sukari kwa makini walipunguza hatari ya ugonjwa huu kwa asilimia 76.

Matibabu ya leza na sindano za kuzuia VEGF yapo, nayo husaidia, ila hufaa zaidi kulinda uwezo uliobaki kuliko kurudisha uliopotea.

Kwa hiyo tunaomba kamati zituletee majina ya wenye kisukari wote, si wanaolalamika tu. Kila anayekuja aje na msindikizaji, maana dawa ya matone ya kupanua mboni huleta ukungu machoni kwa saa kadhaa. Asirudi nyumbani kwa kuendesha baiskeli.