Papye Yako Njo Weye

Mathe alinishonea kamfuko ka kitenge, kadogo saizi ya kiganja, na zipu aliichomoa kwa suruali nzee ya mzae. Ndani akaweka kitambaa cha mwavuli uliovunjika ndio mvua isiingie. Tulikuwa Kadutu, Bukavu, saa kumi za usiku, stima hakuna, ameshikilia kasimu ka tochi kwa meno akimalizia mshono. Akanivisha mwenyewe, kamba kwa shingo, kamfuko kakakaa chini ya kwapa. Akasema, "Mutoto yangu, papye yako njo weye. Ukiipoteza, hauko."

Msee wa Nairobi akisikia hivo juu ya papye, yaani karatasi za kukutambulisha, ataona mathe ameongeza chumvi. Mimi nimeishi Kayole, Sheng niliiokota huko, na najua venye huenda: ukipoteza kitambulisho unafika kwa karao, wanakuandikia OB, unapewa abstrakti, unaanza kungoja. Sisi wa Bukavu stori ni ingine. Kitambulisho chetu cha kila siku ni kadi ya kura, na izo za 2023 ziliwafutikia wasee wengi hata kura ya Desemba haijafika, sura ikabaki kivuli. Pasipoti nayo ilikuwa dola 185 kuanzia 2015, kati ya zile ghali zaidi duniani, mpaka 2020 ndio ikashuka 99. Piga hesabu ya mama anauza sombe sokoni, hio ni jasho ya siku ngapi. Diploma ya Leta, ile ya kumaliza sekondari, inatoka Kinshasa, na orijino inaweza kaa miaka kabla ikufikie mkononi. Halafu Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia mji, watu wakahepa, wengine na nguo za mwilini tu.

Ndio maana nabonga na uchungu hivi juu ya kamfuko.

Cuzo wangu alishika ile njia yetu ya kawaida akisaka chuo Nairobi: unavuka mto Ruzizi kuingia Rwanda, Kamembe, msitu wa Nyungwe, Kigali, Gatuna, Kampala, Busia. Kila kitu alikipanga ndani ya faili moja: pasipoti, diploma orijino, cheti cha kuzaliwa, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, mpaka zile picha ndogo nne. Faili ikaingia kwa bagi, bagi ikapanda juu kwa kerya ya basi. Mipaka yote alipita fiti. Baada ya Busia usingizi ukamshika, na kuamka, bagi imeishia. Alifika kwa karao na jina lake tu, hakuna hata kakaratasi kamoja ka kuonyesha kwamba hilo jina ni lake. Mwishowe ubalozi wetu ukampa ile karatasi ya safari moja ya kurudi nyumbani. Pasipoti alikuja kupata ingine. Diploma anaifuatilia mpaka leo.

Hakuwa mjinga. Alifanya venye wengi wetu hufanya, kuweka maisha yote sehemu moja ndio asisahau kitu.

Mimi sai nagawanya. Pasipoti na kadi ya njano ziko mwilini, kwa kamfuko, na sizitoi ovyo kwa stendi. Ganji ya chai na choo naiweka kwa jinzi, ju ukichomoa noti kutoka kwa kamfuko mbele ya watu, stendi nzima imeona penye umesunda. Diploma orijino inabaki nyumbani. Natembea na kopi iliyogongwa muhuri, na shule ikitaka kuona orijino, kuna njia ya kuiitisha baadaye. Alafu napiga picha kila ukurasa, pamoja na ule wenye stempu ya kuingia, maana hio stempu ndio karao ataulizia kwanza. Picha zinaenda kwa emaili yangu na kwa simu ya sista ako Nguba, Bukavu. Zikibaki kwa simu yako pekee hujafanya kitu. Kanairo simu hunyakuliwa kwa dirisha la mat, sekunde mbili tu.

Kuna kitu wengi hawajui wakitoka kwetu. Ile sashe ya plastiki tunafungia mapapye mvua ikinyesha, Rwanda iliipiga marufuku 2008, na Kenya ikafuata 2017. Wanaweza kukunyang'anya mpakani, ubaki na karatasi mkononi na mvua ya Bukavu mnaijua. Kitenge cha mathe kina akili kuliko sashe.

Kadi ya kura ukitaka ipigishe plastiki. Cheti cha kuzaliwa na kadi ya njano usiguse, ju muhuri haugongeki juu ya plastiki. Na hio kadi ya njano iheshimu: tangu Julai 2016 chanjo moja inahesabika maisha yote, hata kama kwa kadi yenyewe wameandika miaka kumi. Jeto yako ya kuvukia Kamembe nayo ni ya hapo mpakani. Haikufikishi Nairobi.

Wale mnaelekea Ghuba kusaka mboka, hii ni yenu. Mtu akisema "lete pasipoti nikuwekee," awe wakala, bosi ama mwenye keja, mjibu kwa heshima kwamba utaiweka mwenyewe. Akitaka kopi, mpe kopi. Akikasirika, hapo umeshajua ni mtu wa aina gani, na bado uko na pasipoti yako.

Kama unavuka Ruzizi wiki hii, usingoje asubuhi ya safari. Leo usiku keti na mathe wako, piga picha ya kila ukurasa, na umtumie mtu mmoja anabaki Bukavu.