KABURETA INAYOVUJA

Je, umepata kusikia harufu kali ya petroli karibu na pikipiki iliyosimama? Je, umepata kuona doa la majimaji chini ya injini yake? Harufu hiyo na doa hilo ni dalili za hatari. Huenda kabureta inavuja. Katika somo hili utajifunza kazi ya kabureta, sababu za kuvuja kwake, na namna fundi anavyotafuta kosa na kulirekebisha.

1. Kazi ya kabureta

Injini ya petroli haiwezi kuchoma petroli iliyo katika hali ya majimaji. Petroli ni lazima kwanza ichanganywe na hewa. Kwa kawaida, kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Kazi ya kuchanganya petroli na hewa hufanywa na kabureta.

Siku hizi magari mengi mapya hayana kabureta. Petroli yake hunyunyizwa kwa vifaa vinavyoongozwa na umeme. Hata hivyo, pikipiki nyingi, jenereta ndogo na pampu za kumwagilia mashamba bado zina kabureta.

Ndani ya kabureta mna njia ya hewa. Sehemu ya katikati ya njia hiyo ni nyembamba, nayo huitwa koo. Hewa ikipita katika koo huenda kwa kasi zaidi, na kanieneo yake hupungua. Kwa hiyo petroli huvutwa kutoka katika bakuli lililo chini, ikapita katika tundu dogo liitwalo jeti, ikatawanyika hewani kama ukungu.

2. Boya na sindano

Bakuli la kabureta halitakiwi kujaa mno, wala kupungukiwa. Ni nani anayelinda kipimo hicho? Mlinzi wake ni boya.

Petroli ikiingia katika bakuli, boya huelea na kupanda. Likipanda, huisukuma sindano fupi ambayo huziba tundu la kuingizia petroli. Injini ikitumia petroli, boya hushuka, sindano huachia tundu, na petroli nyingine huingia. Boya lililo katika tangi la maji hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Mwaka 1893, fundi Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta yenye boya na tundu la kunyunyizia petroli. Kabureta za leo bado hufuata wazo hilo.

Jaribio: Kwa nini boya huzama?

Vifaa: makopo mawili madogo ya bati yenye vifuniko vya kubana, ndoo ya maji, msumari na nyundo. Usitumie petroli katika jaribio hili.

(a) Funga kopo la kwanza barabara. Liweke juu ya maji. Utaona kwamba linaelea.
(b) Mwombe mwalimu atoboe kopo la pili, tundu moja kwenye kitako na jingine kwenye kifuniko. Liweke juu ya maji.
(c) Tazama mapovu ya hewa yanavyotoka. Baada ya muda, kopo hujaa maji na kuzama.

Kopo la kwanza linaelea kwa sababu lina hewa ndani. Kopo la pili limepoteza hewa yake. Boya la kabureta likitoboka, nalo huingiwa na petroli, likawa zito na kuzama. Likizama haliwezi kuisukuma sindano. Petroli huendelea kuingia mpaka bakuli likafurika.

3. Kutafuta mahali panapovuja

Fundi mwema hakisii. Huanza kwa kuangalia. Kwanza huitoa pikipiki nje, mahali penye hewa ya kutosha na pasipo na moto. Huiacha injini ipoe. Halafu hufunga koki ya petroli na kuifuta kabureta yote kwa kitambaa mpaka ikauke. Kisha hufungua koki na kutazama ni wapi unyevu unapoanza. Petroli hutiririka kwenda chini. Kwa hiyo fundi hutafuta mahali pa juu kabisa palipolowa. Hapo ndipo penye kosa.

Mahali pa kwanza ni mpira unaoleta petroli. Mpira wa zamani hukakamaa na kupasuka, hasa kwenye ncha zake. Dawa yake ni kuweka mpira mpya wa petroli na kuubana kwa klipu.

Mahali pa pili ni pale bakuli linapoungana na mwili wa kabureta. Hapo pana gasketi. Gasketi ikichakaa au skrubu zikilegea, petroli hupenya. Fundi hubadilisha gasketi, kisha hukaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana, ili bakuli libanwe sawasawa.

Mahali pa tatu ni mpira mdogo wa kumwagia petroli iliyozidi. Petroli ikitoka hapo wakati pikipiki imesimama wima, basi sindano haizibi tundu. Lakini kumbuka: pikipiki iliyoanguka ubavu humwaga petroli hata kama kabureta ni nzima, kwa sababu boya halikai sawa.

4. Kurekebisha sindano na boya

Fundi hufunga koki, humwaga petroli iliyomo katika bakuli ndani ya chombo cha chuma, kisha hufungua bakuli. Huchunguza mambo matatu.

Kwanza, uchafu. Chembe moja ya mchanga au kutu ikikaa kati ya sindano na tundu, yatosha kuleta mvujo. Fundi husafisha bakuli na kupuliza jeti kwa pampu ya hewa. Hachokoi jeti kwa waya, kwani waya hupanua tundu. Chujio nalo husafishwa, la sivyo uchafu utarudi.

Pili, sindano. Ncha yake ikiwa na mfuo wa duara, imelika, nayo hubadilishwa.

Tatu, boya. Fundi hulitikisa karibu na sikio lake. Akisikia majimaji ndani, boya limetoboka. Boya la namna hiyo hubadilishwa.

Kazi ikiisha, fundi hufungua koki na kungoja kwa dakika kadhaa kabla ya kuwasha injini. Pakibaki pakavu, kazi imefaulu.

5. Hasara na hatari

Tuseme kabureta inavuja mililita 1 kila dakika. Kwa saa 1 hupotea mililita 60. Kwa usiku mmoja wa saa 8 hupotea mililita 480, yaani karibu nusu lita. Mwenye pikipiki ya kubebea abiria hupoteza sehemu ya pato lake akiwa usingizini. Tena petroli ikiingia katika injini huipunguza nguvu oili, na vyuma hulika upesi.

Hatari ya moto ni kubwa kuliko hasara hiyo. Petroli hugeuka mvuke hata mahali pa baridi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni bila kuonekana mpaka ukafikia jiko, mshumaa au taa ya kibatari. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Morogoro. Watu walikusanyika kuchota petroli, ikalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

Kwa hiyo, usijaribu kurekebisha kabureta wewe mwenyewe. Ukisikia harufu ya petroli nyumbani, usiwashe kiberiti wala swichi ya taa. Mwambie baba, mama, kaka au mjomba, ili koki ifungwe na pikipiki itolewe nje. Petroli ikishika moto, usimwagie maji. Petroli ni nyepesi kuliko maji, nayo huelea juu yake na kuueneza moto. Kimbia, na uwaite watu wazima. Moto mdogo wa petroli huzimwa kwa mchanga au kwa kizimamoto cha unga.

Maswali

1. Kwa nini petroli huvutwa kutoka katika bakuli hewa inapopita katika koo la kabureta?
2. Eleza jinsi boya na sindano vinavyolinda kipimo cha petroli.
3. Kabureta imefutwa ikakauka. Baada ya koki kufunguliwa, unyevu umeanza kwenye ncha ya mpira wa juu. Je, fundi afungue bakuli? Toa sababu.
4. Kabureta inavuja mililita 2 kila dakika. Ni petroli kiasi gani itapotea kwa saa 5?
5. Kwa nini pikipiki inayovuja haifai kulazwa chumbani penye jiko?